Kwenda Mvumi kwa Gari la Tabo

Ndugu msomaji, ukitoka Dodoma mjini na kushika njia ya kusini-mashariki, utasafiri kiasi cha kilomita 40 kabla ya kufika Mvumi. Umbali huo si mkubwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayekaa Mbagala na kufanya kazi Tegeta huutembea kwenda na kurudi kila siku, wala hasemi kwamba amesafiri. Lakini Mvumi ni Ugogo hasa. Huko utaikuta mibuyu imesimama peke yake katikati ya mashamba kama wazee waliogoma kuhama, na utaiona miti ya migunga, nyua za minyaa, na mara mojamoja nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo. Watu watakusalimu kwa neno moja la Kigogo, "Mbukwenyi", hata kama hujui la kujibu.

Nilikwenda huko mwezi Oktoba mwaka 2019 kumchukua mama yangu mzazi. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya Kanisa Anglikana iliyopo pale Mvumi Misheni. Hospitali hiyo ina sifa ya siku nyingi katika mambo ya macho, na sifa hiyo imewafikia watu wengi nje ya mkoa. Mama ni mzaliwa wa huko. Baada ya matibabu alipumzika kwa mama yetu mdogo kwa wiki tatu, akavaa miwani meusi, akazuiwa kuinama, kubeba ndoo na kukaa penye vumbi. Kwa mtu wa Ugogo, kuambiwa usikae penye vumbi mwezi wa Oktoba ni sawa na kuambiwa usikae duniani. Kwa hiyo tulitaka kumrudisha Dar es Salaam kwa gari dogo lenye madirisha yanayofunga vizuri, badala ya kumpandisha basi.

Gari lenyewe lilikuwa la mdogo wangu: Subaru Forester ya tabo, iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Alikuwa amelinunua kwa mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo wa kazini kwake, na bado alikuwa na miezi 19 ya kukatwa mshahara. Nataja jambo hili mapema kwa sababu mazungumzo yote ya injini yaliyofuata yalikuwa pia mazungumzo ya deni.

Yafaa tuelewane kwanza kuhusu hiyo tabo, maana wengi wetu tunaifahamu kwa mlio wake tu. Injini hula hewa na mafuta. Mafuta ni rahisi kuyaongeza, lakini hewa huingia kwa kadiri silinda zinavyoweza kuivuta. Mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi unaotupwa na injini ili kuisukumia injini hiyohiyo hewa zaidi. Moshi unapotoka huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, na gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu jingine linaloshindilia hewa kuelekea kwenye silinda. Wajerumani, Wasweden, Wajapani na wengine waliitia tabo katika meli, malori na magari madogo. Malori ya dizeli yanayopanda mlima na shehena kutoka bandarini hadi Kigali na Lubumbashi yasingeweza kwenda hivyo bila kifaa hicho.

Tabo ina tabia moja ya hatari. Kadiri injini inavyokazana ndivyo moshi unavyozidi, tabo huzunguka kwa kasi zaidi, hewa huongezeka, injini hukazana zaidi, na mzunguko huo ungeendelea mpaka kitu kipasuke. Ndiyo maana pembeni mwa gurudumu la moshi huwekwa kilango cha kupitishia moshi wa ziada. Kilango hicho huvutwa na kikopo chenye kiwambo na springi ndani yake. Mpira mwembamba hutoka upande wa hewa na kuingia kwenye kikopo. Hewa ikifikia nguvu ya kuishinda springi, kilango hufunguka, moshi hupita kando ya gurudumu, na tabo hupumua.

Mzee mmoja wa Mvumi, ambaye nitamleta mbele yako baada ya muda mfupi, alinieleza habari hiyo kwa mfano wa jikoni. "Chukua chungu," alisema, "kifunike, weka jiwe juu ya kifuniko. Mvuke ukipata nguvu, kifuniko kinainuka, mvuke unatoka, kinarudi. Jiwe ndilo springi." Sijapata kuona kitabu cha ufundi kilichoeleza vizuri zaidi.

Sasa, katika magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni, Forester ya mdogo wangu ikiwa mojawapo, jiwe haliachwi peke yake. Kwenye ule mpira mwembamba huwekwa vali ndogo ya umeme, solenoidi, ambayo hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde moja kwa amri ya kompyuta ya gari. Kompyuta hutazama injini inazunguka kwa kasi gani, mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, hewa inayoingia ni kiasi gani, tena ina sensa inayosikiliza kama petroli inawaka vibaya na kugonga ndani ya silinda. Kisha huamua springi ionjeshwe hewa kiasi gani. Kampuni ya Saab ya Sweden ndiyo iliyojitangulia kwa magari ya kawaida, ilipouza gari lenye mtambo wa namna hiyo mwaka 1982. Kwa lugha ya chungu, hapa pana mpishi aliyekaa jikoni, mkono wake u juu ya kifuniko.

Njia ya pili ni koki ya mkono. Ni kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, chenye gololi, springi na skrubu ya kurekebisha. Huchomekwa kwenye ule mpira mwembamba mahali pa solenoidi. Kazi yake ni kuificha hewa, ili kikopo kisijue kwamba nguvu imekwisha kufika. Ukiikaza skrubu, kilango huchelewa kufunguka, tabo husukuma zaidi, na gari hupata nguvu. Ukiilegeza, nguvu hushuka. Haina waya wala kompyuta, nayo haihitaji mtu aliyesoma sana.

Solenoidi ya mdogo wangu ilikuwa imekufa miezi miwili kabla ya safari. Spea halisi aliambiwa bei yake akatoka dukani bila kuaga. Ndipo fundi wa gereji bubu moja ya mjini akamwambia kwamba hakuna haja ya kujitesa, akamfungia koki ya mkono kwa shilingi 40,000 pamoja na ufundi, na juu ya dashibodi akamwekea geji ya kupimia msukumo wa hewa. Gari likaruka kama swala. Mdogo wangu akafurahi, na kusema kweli hata mimi, nilipopewa kuliendesha katika barabara ya Bagamoyo, nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri. Hadi Morogoro hapakuwa na neno. Tulipoanza kupanda kuelekea Gairo mdogo wangu akaanza kunung'unika. Geji ilisoma vilevile kama ilivyosoma pwani, lakini gari halikuwa lile. Tulipofika Dodoma alikuwa amekata shauri kwamba koki imelegea. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, akatoa spana, akaikaza skrubu mzunguko mmoja na nusu. Gari likaamka. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi sikuwa na la kujibu. Elimu yangu ni ya kuandika habari.

Njia ya Mvumi wakati huo ilikuwa ya changarawe, na sehemu za mabonde zilikuwa mchanga mtupu. Msomaji ambaye hajaiona nchi ile mwezi wa Oktoba asidhani kwamba ni jangwa. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ardhi hungoja. Hapa ndipo misafara ya zamani ilipoingilia Ugogo baada ya kuivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, yenye maji ya uchungu. Henry Morton Stanley alipita Mvumi mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, naye akatozwa hongo na mtawala wa mahali hapo kama walivyotozwa wote waliotaka maji na njia. Watu wengi wamelisoma jambo hilo kwa masikitiko ya Stanley. Mimi nalisoma kwa upande wa mwenye kisima.

Makorongo yaliyoichana ardhi utayaona pande zote mbili za njia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza Kondoa mwaka 1973, na mwaka 1986 ulifika Mvumi. Mifugo iliondolewa katika eneo hilo ili nyasi na miti ipate kurudi. Mgogo kuambiwa aondoe ng'ombe wake si jambo dogo, na mama mdogo bado hulisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia msiba. Hata hivyo yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha korongo lililoota miti, ambalo zamani, alisema, lilikuwa likimeza njia ya kwenda kisimani kila masika.

Basi, tulikuwa tumevuka bonde moja la mchanga, mdogo wangu amekanyaga mafuta mpaka chini, mara tukasikia mlio kama wa tairi lililopasuka. Gari likapoteza nguvu zote. Nyuma likatoka wingu la moshi mweusi. Mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umechomoka kwenye banio lake. Kompyuta ilikuwa imekwisha kuihesabu hewa ile na kuitolea petroli yake, kumbe hewa yenyewe inamwagika njiani. Tuliurudisha kwa mikono, tukaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli tulichopewa na kijana mchunga mbuzi, tukasota polepole hadi Mvumi Misheni. Jua lilikuwa linazama.

Asubuhi mama mdogo alitupeleka kwa mzee niliyekutajia. Ni fundi aliyestaafu, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za malori, na sasa anatengeneza pampu za maji na pikipiki chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yake. Tulimwamkia. Hakulitazama gari kwanza. Alimwuliza mdogo wangu mama amelalaje, jicho linatoa machozi au halitoi, na dawa ya matone imebaki kiasi gani. Ndipo akainua boneti.

"Hii nani kakufungia?"

"Fundi wa mjini, mzee."

"Mjini wapi? Hapa Dodoma?"

"Dar es Salaam."

"Na huku juu umeikaza."

Mdogo wangu alinyamaza.

"Umeikaza, baba," mzee alisema kwa upole. "Alama ya spana bado mbichi."

Akatuketisha kwenye benchi. Yale aliyotueleza nimeyapima baadaye kwa vitabu, na ni hivi.

Hewa ina uzito. Pwani uzito huo unatubana kwa kiasi cha kilopaskali 101. Dodoma ipo kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na huko hewa hubana kwa kilopaskali 89 hivi. Springi ya kikopo, pamoja na koki ya mkono, hazipimi hewa yote iliyomo ndani ya injini. Hupima tofauti tu kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Geji yake ya dukani hufanya hivyohivyo. Tuseme koki ilitegeshwa Dar es Salaam kwa msukumo wa kilopaskali 70. Pwani injini ilikuwa ikipata 101 na 70, jumla 171. Dodoma geji husoma 70 ileile, lakini injini inapata 89 na 70, yaani 159. Geji haidanganyi, na dereva naye hadanganyiki anapohisi udhaifu. Ni kwamba hawazungumzi juu ya kitu kimoja.

Mdogo wangu alikaza mpaka geji ikasoma 100. Hapo juu injini ikapata 189. Hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya ilivyozoea, na tabo ililazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi kazi ya kuishindilia huzidi. Ndiyo sababu mpira ulichomoka. "Lakini mpira si shida yako," mzee alisema. "Mpira umekusaidia. Shida yako iko njiani unakorudi."

Akachora chini kwa kijiti. Ukishuka na koki iliyokazwa hivyo hadi pwani, 100 ya geji itajumlishwa na 101 ya hewa, iwe 201. Petroli itaanza kuwaka kabla ya wakati wake na kugonga. Pistoni za gari la namna hiyo zinaweza kuvunjika kingo. Tena magari haya yalitengenezwa yakitazamia petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani 100, ambayo haigongi upesi, na ya kwetu ipo chini ya hapo. Kompyuta nayo haijafa. Ilinyang'anywa mkono wa kushikia kifuniko, lakini macho bado inayo. Ikiona hewa imezidi mno itafanya jambo moja lililobaki katika uwezo wake: itakata petroli ghafla ili kuiokoa injini.

"Ikikata ukiwa peke yako barabarani, utashtuka tu," alisema mzee. "Ikikata uko upande wa pili unalipita lori, na nyuma umemkalisha mama yako, je?"

Usije ukadhani, ndugu msomaji, kwamba mzee yule ni adui wa koki ya mkono. Nilimwuliza waziwazi lipi bora, la mkono au la umeme. Alicheka. Alisema katika maisha yake ya kazi ametengeneza malori mengi ya dizeli yenye springi tupu na kiwambo, hayana hata waya mmoja kwenye tabo, nayo yalipanda na kushuka milima miaka na miaka. Jiwe aliloliweka mwenye kiwanda halibadiliki, na dizeli haina ugonjwa ule wa kugonga kama petroli. Vilevile Land Cruiser za zamani za dizeli zenye tabo anazipenda, kwa sababu zikiharibika Mvumi hutengenezwa Mvumi. Gari la kompyuta likiharibika Mvumi hungoja lori la kulivuta. "Ila ukishakuwa na mpishi," alisema, "usimfukuze ukamweka jiwe. Chungu chake si cha jiwe."

Nilipenda jibu hilo, ingawa naona lina upungufu. Mpishi huyo anauzwa bei ambayo mfanyakazi wa kima chetu haimudu, na hapo ndipo gereji bubu zinapopata wateja. Fundi wa mjini hakuwa mwizi. Alimwuzia mdogo wangu kile ambacho mfuko wake uliweza kununua. Kosa lake ni kutomwambia kwamba kitu hicho hakijui mlima wala bonde, na kwamba skrubu ile haifai kuguswa na mtu asiyekumbuka iliposimama mwanzo.

Wala jambo la milima si geni katika historia ya tabo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege kwa lori hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300, ili aone kama tabo itaurudishia nguvu zilizopotea kwa wembamba wa hewa. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 350 kule chini. Juu mlimani bila tabo ilitoa 230, na ilipofungiwa tabo ikatoa 356. Kwa maneno mengine, tabo ilikuwa dawa ya nyanda za juu kabla haijawa pambo la vijana.

Na mashindano ya magari yameonyesha jinsi mkono wa binadamu unavyopenda kukaza. Katika magari ya Formula 1 ya miaka ya 1980 dereva alikuwa na kifundo cha kuzungusha mbele yake, akitaka msukumo zaidi anaongeza. Nguvu zilizidi mpaka wenye mamlaka wakaweka vali ya lazima ya kupunguza hewa mwaka 1987, wakaibana zaidi 1988, na mwaka 1989 wakapiga tabo marufuku kabisa. Huku kwetu wenye umri mkubwa watakumbuka Safari Rally. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 isiyo na tabo yoyote. Kisha Toyota Celica za tabo zikaja na kushinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, katika njia zinazopanda nyanda za juu za Kenya na kushuka pwani. Timu hizo zilikuwa na mafundi kila kituo. Sisi tulikuwa na mzee mmoja na kijiti.

Mzee alifunga banio jipya kwenye mpira, akakataa malipo zaidi ya bei ya banio. Alitaka kuirudisha skrubu palepale. Mdogo wangu akamsihi aiache mpaka tumalize vilima vya Gairo, kwa kuwa tungekuwa na mizigo: gunia la karanga, ubuyu, debe la zabibu na kuku wawili. Mzee alimtazama kwa muda. "Mzunguko mmoja na nusu," alisema. "Kabla hujashuka Morogoro. Sema."

"Mmoja na nusu, mzee."

Tulikaa siku moja zaidi. Mama mdogo alitupikia ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho mtoto wa mjini hukila kwa adabu siku ya kwanza na kwa hamu siku ya pili. Jioni wanawake wa jirani walikuja kumwaga mama. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, akiwataja majina kabla hawajasema, na kila aliyetajwa alipiga kigelegele. Miaka minne alikuwa akiwatambua kwa sauti.

Siku ya kurudi tuliondoka mapema. Mama alikaa nyuma, miwani meusi usoni na kitenge kimefunika kuku. Dodoma tukaipita, Gairo tukaipita. Gari lilipanda vizuri mno, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Nilimkumbusha mdogo wangu. "Bado kaka, tufike kwanza tambarare." Tulipofika tambarare alikuwa amenogewa.

Tulikuwa tumekwisha kuiacha Dumila. Mbele yetu palikuwa na lori la tela linalokwenda polepole, na barabara ilionekana nyeupe. Mdogo wangu akatoka kulipita. Tulikuwa sambamba na magurudumu ya katikati ya tela aliposhindilia mafuta hadi mwisho, na hapo gari likagota kana kwamba limegonga ukuta wa pamba. Nguvu ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Mbele likatokea basi, taa zake zikiwaka na kuzimika. Sikumbuki nilisema nini. Mdogo wangu aliondoa mguu, akaachia breki kidogo, akarudi nyuma ya lori, na basi likapita pembeni yetu kwa upepo uliotikisa vioo.

Kule bondeni, karibu mita 500 tu juu ya bahari, hewa ilikuwa imekwisha kuwa nzito. Kompyuta ilikuwa imefanya kazi yake.

Mama aliuliza kuna nini. Mdogo wangu alisema ni lori tu, mama. Hatukuzungumza tena mpaka Morogoro. Alikwenda nyuma ya lori lile njia yote, wala hakujaribu kulipita ingawa mara mbili dereva wake alitupa ishara.

Morogoro aliegesha kivulini, akashuka bila kuniambia neno, akafungua boneti na kutoa spana. Nilishuka kusimama karibu naye. Alizungusha skrubu polepole sana, akihesabu kwa sauti. Nusu. Mmoja. Mmoja na nusu. Kisha akalegeza tena robo nzima. Mwezi uliofuata alinunua solenoidi iliyotumika kutoka kwa wauza spea za mtumba, akaifunga, na deni la ushirika likaongezeka miezi miwili. Koki ipo kwenye kabati lake la vyombo, pamoja na vifuniko visivyo na sufuria.

Lakini siku ile, tukiwa bado tumeinamia injini, mama alishusha kioo. Alikuwa amevua miwani kinyume cha amri ya daktari, anatazama juu ya mapaa ya mji.

"Hayo ni mawingu," aliuliza, "au ndiyo Uluguru?"

Mdogo wangu aligeuka, mikono imejaa oili. "Ni milima, mama. Vaa miwani."

"Ngoja kwanza," alisema mama.